Siku Sita za Kuchelewa: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi wa Kitanzania katika Masomo ya Kiangazi nchini China

Kisa hiki kinamhusu mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya ualimu, mzaliwa wa Tanga, aliyepata nafasi ya kusoma Kichina kwa wiki tano katika chuo kikuu kimoja cha mkoa wa Zhejiang, mashariki mwa China. Masomo ya namna hiyo hufanyika wakati wanafunzi wenyeji wako likizo ya kiangazi, vyumba vya hosteli vikiwa wazi na walimu wa lugha wakiwa na nafasi, na kwa vijana wengi wa vyuo vyetu ndiyo njia ya karibu zaidi ya kufika Asia bila kusubiri ufadhili wa shahada nzima. Binti huyu aliridhia habari zake ziandikwe kwa sharti kwamba asitajwe jina, na kwa sababu hiyo hiyo sitavitaja vyuo viwili vinavyohusika. Ninayoyaeleza yanatokana na daftari alilokuwa akiandika huko, barua pepe za mratibu wa programu alizonionyesha, na mazungumzo yangu naye pamoja na dada mmoja wa Kitanzania anayesomea shahada ya uzamivu katika chuo hicho hicho cha China.

Jumatatu ya wiki ya tatu mratibu aliiandikia idara ya chuo cha nyumbani kwamba mwanafunzi huyo amekosa darasa siku mbili mfululizo, haonekani bwaloni, hazungumzi na wenzake, na kwamba ana dalili za mshtuko wa utamaduni na kutamani nyumbani. Ilikuwa barua ya upole, iliyoandikwa na mtu aliyejali. Idara iliipokea, ikaiamini, ikajibu kwamba binti apewe ushauri nasaha. Katika barua zote zilizopita kati ya pande hizo mbili, hakuna hata moja iliyouliza kama mtoto wa watu anakula. Nimeona kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa urefu kwa sababu naamini utambuzi ule haukuwa sahihi. Kilichomwangusha binti huyu ni siku sita za kuchelewa, na siku hizo sita zilikuwa zikionekana wazi katika kalenda za vyuo vyote viwili miezi kadhaa kabla hajapanda ndege.

Tuanze na kalenda hizo, maana ndizo chimbuko la yote. Kwa kawaida mwaka wa masomo wa vyuo vikuu vya Tanzania huanza kati ya Oktoba na Novemba, na mitihani ya muhula wa pili huangukia Julai. Masomo ya kiangazi ya Asia Mashariki hufuata majira ya kaskazini, na mengi hufunguliwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, kwa kuwa waandaaji huwalenga wanafunzi wa Ulaya na Marekani ambao wakati huo wameshafunga. Kinachoitwa kiangazi huko, kwetu ni kipupwe, na ni msimu wa mitihani. Mwanafunzi wa ualimu ana kikwazo cha pili, kwani mazoezi ya kufundisha hufanyika katika likizo hiyo hiyo ndefu. Idara ilimruhusu ayafanye mwaka unaofuata, na huo ulikuwa uungwana wa kweli, lakini mtihani wake wa mwisho, uliopangwa Ijumaa, haukuweza kusogezwa. Wenzake walianza masomo Jumatatu ya wiki hiyo hiyo. Yeye alimaliza mtihani Ijumaa, akaondoka Dar es Salaam Jumamosi, akatua Guangzhou Jumapili, akapanda treni ya mwendo kasi Jumatatu, na akaingia darasani Jumanne ya wiki ya pili. Chuo mwenyeji kilikuwa kimejulishwa kwa sentensi moja tu, kwamba mmoja wa wanafunzi atachelewa kidogo.

Katika siku sita alizokosa, darasani kulikuwa kumefundishwa mambo machache ambayo yangefidiwa kwa bidii ya mwisho wa juma moja. Hasara ilikuwa nje ya darasa. Siku ya kwanza kulikuwa na mafunzo elekezi, ambapo wanafunzi walionyeshwa ramani ya chuo, wakaelezwa kuhusu bwalo la chakula cha halali lililoko ghorofa ya pili upande wa kusini, na wakafundishwa kuweka fedha katika kadi ya chuo. Siku ya pili walipelekwa kwa pamoja kwenye duka la simu, pasipoti mkononi, kwa sababu nchini China laini haiuzwi bila kitambulisho. Siku ya tatu walifanya mtihani wa kupima kiwango na kugawanywa katika madarasa. Kila mgeni alipewa mwenyeji wa kumsaidia, lakini mpango huo ulikwisha wiki ya kwanza ilipokwisha.

Ili msomaji aone uzito wa jambo hili, ni lazima aelewe jinsi mambo yanavyoshikana huko. Mtandao wa bure wa chuo ulifunguka kwa namba ya siri inayotumwa kwenye laini ya Kichina. Asiye na laini hana intaneti, na asiye na intaneti hawezi kulipa kwa simu, wakati kulipa kwa simu ndiko kunakotumika karibu kila mahali, kuanzia basi hadi kwa muuza matikiti barabarani. Binti alikuwa na kadi ya benki ya Tanzania yenye uwezo wa kulipia mtandaoni, lakini benki ilituma namba ya uthibitisho kwenye laini yake ya nyumbani, ambayo hakuiunganisha na huduma ya kutumika nje ya nchi. Hata WeChat, ambayo Wachina huitumia kwa mazungumzo na malipo, mara nyingi humtaka anayejiunga athibitishwe na mtu ambaye tayari anaitumia. WhatsApp ya kumwita mama yake haifunguki huko kwa njia ya kawaida. Siku ya tatu alikwenda peke yake duka la simu, akarudishwa kwa kuwa pasipoti aliiacha chumbani, na hakurudi tena.

Daftari lake linaeleza mchana wa kwanza bwaloni kwa undani ambao sijausahau. Alipanga foleni, akaonyesha kwa kidole wali, mboga ya majani na mayai yaliyopikwa na nyanya, vitu alivyoweza kuvitambua kuwa havina nguruwe. Mpishi mwenye kofia nyeupe akaweka sahani kwenye trei na kuonyesha kifaa kidogo kilichofungwa mezani, chenye tarakimu nyekundu. Binti akatoa noti ya yuan 100. Mpishi akatikisa kichwa, akaonyesha tena kile kifaa. Foleni nyuma yake ilikuwa ndefu, na joto la Julai la Zhejiang, linalopita nyuzi 35 na kubeba unyevu wote wa mvua zilizotangulia, lilikuwa limejaa humo ndani pamoja na mvuke wa masufuria. Mwenzake wa chumbani, msichana kutoka Thailand, akapenyeza mkono, akagusisha kadi yake, na tarakimu zikasoma 14. Jioni binti akamkabidhi ile noti ya 100. Mwenzake akacheka kwa wema, akasema kwa ishara kwamba watahesabiana baadaye.

Hapo ndipo daftari linapogeuka kuwa daftari la madeni. Jumanne kuna milo miwili iliyolipiwa na mwenzake, Jumatano miwili, Alhamisi mmoja, Ijumaa mmoja. Jumamosi na Jumapili kuna mlo mmoja mmoja, Jumatatu hakuna kitu. Kuna pia orodha ya mikate, ndizi na maziwa kutoka duka dogo la hosteli, ambalo lilipokea noti ila halikuwa na chenji ya kutosha kila mara. Yuan zaidi ya 1,800 zilikuwa kwenye begi lake wakati wote huo. Alikuwa na fedha, akilala na njaa. Nilipomuuliza kwa nini hakumlazimisha mwenzake kupokea ile noti, alinijibu kwamba mwenzake aliikataa mbele yake mara moja, na kwao mtu akikataa fedha yako humrudii kwa kumsukumia, bali unapunguza kumtwisha mzigo. Ndivyo alivyofanya. Kila mlo uliopungua katika ule ukurasa ni adabu ya nyumbani iliyokuwa ikifanya kazi yake, na wala haikuwa dalili ya moyo uliovunjika.

Kadi ya chuo, ile ambayo ingemaliza tatizo lote, alikuwa nayo. Alikabidhiwa siku ya kuwasili katika bahasha moja na ufunguo wa chumba. Ilikuwa na picha yake na maandishi ya Kichina, na kwa kuwa hakuna aliyemweleza, aliiona kuwa kitambulisho. Ilikuwa haina fedha, na kuiwekea fedha kulihitaji simu yenye intaneti.

Darasani nako kulikuwa na kosa la aina hiyo hiyo. Alikwenda China akiwa ameshafaulu ngazi ya 2 ya HSK, mtihani wa Kichina kwa wageni, ambao katika mfumo wa ngazi sita hudai maneno 300, lakini kwa kuwa hakufanya mtihani wa kupima kiwango aliingizwa katika darasa la wanaoanza, kwa sababu ndilo lililokuwa na kiti. Alikuta wenzake wakijifunza kuhesabu. Masomo yalianza saa mbili asubuhi, ambayo kwa mwili uliotoka Tanzania siku tatu zilizopita ni saa tisa usiku, na mtu mwenye usingizi, mwenye njaa, anayesikiliza asichokihitaji, atanyamaza. Mwalimu aliuona ukimya huo kuwa kutokuelewa, akamrudishia maswali mepesi zaidi. Binti hakusema kwamba anayajua, kwa kuwa amelelewa katika madarasa ambayo mwanafunzi hamsahihishi mwalimu mbele ya wenzake. Hapa nakubali kwamba malezi yalichangia, na ningekuwa sisemi kweli kama ningeliondoa suala la utamaduni kabisa. Ila lilikuja mwishoni mwa mnyororo, wakati barua ya mratibu ililiweka mwanzoni.

Dhana ya mshtuko wa utamaduni ilienezwa na mwanaanthropolojia Kalervo Oberg, aliyeizungumzia mwaka 1954 mjini Rio de Janeiro na kuichapisha mwaka 1960. Oberg alizungumzia wasiwasi unaompata mtu anapopoteza alama ndogo ndogo alizozoea za kuishi na wenzake, kama vile lini amsalimu mtu na jinsi ya kununua vitu. Mwaka 1955 mtafiti wa Norway, Sverre Lysgaard, aliwachunguza Wanorwe waliosoma Marekani akaona kwamba waliokaa kati ya miezi 6 na 18 ndio waliokuwa na hali ngumu kuliko waliokaa muda mfupi zaidi au mrefu zaidi. Ni kazi za heshima, na washauri wa wanafunzi duniani kote wanazitumia. Lakini tazama vipimo vyake. Mtu anayeporomoka katika siku ya nne ya masomo ya wiki tano hawezi kusomwa kwa matokeo yaliyotokana na watu waliokaa ugenini miezi na miaka. Na hata Oberg akichukuliwa neno kwa neno, swali la kwanza linapaswa kuwa ni alama gani mtu huyu amezikosa, na nani alipaswa kumpa. Binti huyu alikosa laini, kadi yenye fedha na ramani. Wenzake ishirini na kadhaa, waliotoka katika tamaduni za mbali na China kama yake, walivipata vitu hivyo siku mbili za mwanzo, na wote walikuwa wakila na kucheka bwaloni. Kama utamaduni ndio ungekuwa sababu kuu, ungewagusa na wao.

Ushahidi ninaouona kuwa mzito kuliko wote ni jinsi tatizo lilivyokwisha. Jumanne ya wiki ya tatu, baada ya binti kukosa siku ya tatu, mwalimu wake wa darasa, ambaye hakuridhika na barua ya mratibu, alimtafuta yule dada wa uzamivu na kumwomba akabishe mlango. Dada aliingia, akasalimia kwa Kiswahili, akauliza: "Mdogo wangu, umekula?" Binti akalia kidogo, akasema hajala tangu jana yake jioni. Dada hakumpa hotuba. Alichukua pasipoti ya binti, wakaenda duka la simu, wakapata laini. Walipotoka hapo dada alipokea yuan 500 taslimu na kuziingiza kwenye ile kadi ya chuo kupitia simu yake mwenyewe. Kisha akamthibitishia akaunti ya WeChat, akampeleka ghorofa ya pili upande wa kusini, kwa wapishi Waislamu wanaovuta tambi kwa mikono, wakala tambi za nyama ya ng'ombe. Usiku binti alimlipa mwenzake wa chumbani deni lote, na akalifunga lile daftari kwa mstari. Kwa maelezo ya dada, kazi yote ilichukua muda usiozidi saa mbili. Kutoka Jumatano hiyo hadi mwisho hakukosa darasa hata mara moja, na mwalimu alimhamishia darasa la pili baada ya kumsikiliza kwa dakika chache.

Mshtuko wa utamaduni hautibiwi kwa saa mbili.

Wiki tatu zilizobaki zilikuwa wiki za mwanafunzi wa kawaida mwenye bidii. Taabu yake kubwa ilikuwa toni nne za Kichina, ambazo msemaji wa Kiswahili, aliyezoea kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, huzimeza bila kujua. Jambo moja la kipindi hicho nataka kukaa nalo, kwa kuwa linaonyesha uwezo uliokuwa umefungiwa chumbani.

Jumamosi ya wiki ya nne dada alimchukua hadi Yiwu, mji ambao wafanyabiashara wa Kariakoo wanaujua kuliko wanavyoijua Beijing. Soko lake la jumla lina vibanda zaidi ya 70,000, na nyingi ya bidhaa ndogo ndogo zinazouzwa Dar es Salaam, Mombasa na Kampala zimepitia humo. Walikuwa wakimsindikiza mama mmoja wa Kariakoo, jamaa yake dada, aliyetafuta mabegi ya shule. Yiwu watu hufanya biashara bila lugha: muuzaji anabonyeza bei kwenye kikokotoo, mnunuzi anafuta na kuandika yake. Kwa hiyo mwanzoni mkalimani hakuhitajika. Alihitajika walipofika kwenye zipu. Mama alilifungua na kulifunga begi la mfano mara kadhaa, akaona zipu ni nzuri, kisha akasema: "Mwanangu, niulizie, mzigo wenyewe utakuja na zipu hii hii au hii ni ya kunionyesha?" Hilo kikokotoo hakiwezi kulisema. Binti alilitafuta neno la zipu kwenye simu, akaijenga sentensi polepole, akauliza. Muuzaji akaeleza kwamba ya mfano ni ya bei ya juu, na akatoa begi lingine chini ya meza lenye zipu ya plastiki. Bei ikajadiliwa upya, idadi kwa katoni ikaulizwa, tarehe ya kufikisha mzigo ghalani ikaandikwa. Binti alikwama kwenye masharti ya malipo ya awali, dada akamalizia. Sijui mtihani wa darasani unaoweza kumpima mtu hivyo. Na ni mtu yule yule aliyeandikiwa, siku kumi na mbili tu kabla, kwamba hazungumzi.

Mwisho wa programu kulitokea jambo ambalo linaudhi hadi leo. Kanuni ilidai mahudhurio ya asilimia 80 ili mtu apate cheti cha kuhitimu, na chini ya hapo alipewa cheti cha kushiriki tu. Siku za masomo zilikuwa 25. Ofisi ilihesabu siku sita za kabla hajafika na siku tatu alizokosa, ikapata siku 16 kati ya 25, yaani asilimia 64. Akihesabiwa tangu alipofika, ni siku 16 kati ya 19, sawa na asilimia 84. Alama zake za mtihani wa mwisho zilikuwa miongoni mwa za juu darasani, na bado alirudi na cheti cha kushiriki. Aliandika rufaa kwa Kichina, mwalimu wake akamsahihishia, akaambatisha ratiba ya mitihani ya nyumbani. Ofisi ilijibu kwamba cheti hakiwezi kubadilishwa, ila ikampa barua inayotaja alama zake na mahudhurio yake tangu siku ya kuwasili. Kwa maoni yangu hiyo ni nusu ya haki. Ruhusa ya kuchelewa iliyotolewa na pande mbili haiwezi baadaye kuhesabiwa kuwa utoro, na kama chuo mwenyeji hakikutaka mwanafunzi wa siku 19, kilipaswa kusema hivyo kabla ya kumtumia barua ya viza.

Lawama kubwa zaidi, hata hivyo, siwezi kuipeleka China. Waliokuwa na ratiba zote mbili mezani walikuwa hapa nyumbani. Barua moja yenye maombi matatu ingetosha: kwamba mwanafunzi apimwe kiwango kwa mtandao kabla ya kusafiri, kwamba apangiwe mtu wa kumpokea na kumpeleka kununua laini siku atakayofika, na kwamba kadi yake ya chuo iwekwe fedha mapema na akatwe atakapowasili. Hakuna ombi hata moja kati ya hayo linalohitaji bajeti.

Binti alifanya mtihani wa HSK ngazi ya 3 jijini Dar es Salaam mwezi Desemba, akafaulu. Mazoezi yake ya kufundisha atayafanya mwaka huu, naye ameomba apangiwe shule ya sekondari ambayo Kichina ni mojawapo ya masomo yake. Ameandika kurasa mbili za maelekezo kwa watakaomfuata, zikianza na picha ya ile kadi, mbele na nyuma, pamoja na maelezo ya jinsi ya kuunganisha laini ya nyumbani na huduma ya nje ya nchi kabla ya kuondoka. Dada wa Zhejiang amekubali namba yake iwekwe humo. Mwaliko wa mwaka huu umeshafika, na siku ya kwanza ya masomo ni tena Jumatatu ya wiki ya kwanza ya Julai. Rasimu ya ratiba ya mitihani inaishia wiki ya pili ya mwezi huo. Wanafunzi wawili wameshaomba kwenda, na hadi ninapoandika haya idara haijamwandikia mratibu.